Kialama cha Ng'

Maneno yalimfikia akiwa na pini tano mdomoni.

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama juu ya kigoda akipimwa pindo la gauni, naye fundi cherehani amepiga magoti chini, akizunguka na kitambaa. Mtu aliyesimamishwa juu ya kigoda hana pa kwenda wala la kufanya, kwa hiyo husema.

"Umesikia la ofisi ya vizazi? Kuna msichana pale anafuta watu."

Fundi hakujibu, kwa sababu ya zile pini.

"Kwenye kompyuta. Unakwenda kuomba cheti cha kuzaliwa, wanakutafuta, humo. Hukuzaliwa. Shemeji ya jirani yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, kaambiwa hajazaliwa." Mke wa kinyozi akacheka mpaka pindo likapanda. "Nikamwambia, basi una bahati shoga, zaliwa upya, na safari hii usiolewe na yule."

Fundi akatema pini kiganjani. "Anafuta kila mtu?"

"Kila mtu wapi. Wenye ng' tu."

Hapo mgeni anahitaji kuelezwa. Mji ule umekatwa na mto. Upande wa huku majina ya koo ni ya aina yake, na upande wa pili wa daraja majina mengi yana ile sauti ya kupitia puani, ile ya ng'ombe na ya kung'oa, ambayo kwenye maandishi huwekewa kialama kidogo juu. Mwalimu darasani alikiita ritifaa. Watu wa huku waliwaita wale wa kule akina Ng', kwa mzaha ambao haukuwa mzaha sana. Hawakuwa wakipigana. Walikuwa wakihesabiana tu: nani kapata kazi, nani kapata shule, lami imeishia wapi.

Na ofisi ya vizazi ilikuwa na msichana mmoja tu wa kompyuta. Alikuwa kitindamimba wa fundi.

Fundi alimtazama mwenzake usoni asijue kama anajua au hajui, na hilo lilimtesa kuliko habari yenyewe. Akarudi kwenye pindo, akamchoma mteja kisiginoni, akaomba radhi.

Siku nzima alijitahidi kulitupa lile neno na halikutupika. Alikata shati, likawa pale. Alitia uzi kwenye sindano, likapita na uzi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na yeye alikuwa hajui lipi kati ya mawili hayo ni baya zaidi.

Asubuhi yake alimkuta binti akipiga pasi blauzi ya kazini. Akalisema kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Binti akacheka.

"Mama, kompyuta haijui mtu wa huku na mtu wa kule."

"Ndivyo nilivyosema na mimi."

"Watu waache waseme." Akageuza mkono wa blauzi. Kisha akasimamisha pasi. "Wenye ng', ndivyo walivyosema?"

"Wenye ng' tu."

Binti aliendelea kuupiga pasi mkono uleule wa blauzi, mara ya pili, mara ya tatu, ingawa ulikwisha kunyooka zamani. Akaondoka bila chai.

*

Kazi ya binti ilikuwa hivi. Vitabu vya vizazi vya mji ule vilikuwa vimeoza. Mchwa walianzia miaka ya mwanzo, paa likavujia iliyobaki. Ikaamuliwa kila aliyeandikwa humo apigwe picha sehemu yake, picha ipewe jina la mwenyewe, iwekwe kwenye kompyuta, kisha vitabu vipelekwe kiwandani vikasagwe. Makarani wawili walipiga picha na kuandika majina. Picha zilitua kwenye sehemu iliyoitwa Meza. Kutoka hapo programu ya binti, aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Javaskripti na kuiweka kwenye seva, ile kompyuta isiyo na kioo inayofungiwa kabatini na kupulizwa na feni, ilizichukua moja moja, ikazipunguza uzito, ikazipeleka sehemu ya pili iliyoitwa Ghala. Kisha iliifuta ile ya Meza. Meza ikiwa tupu, makarani walijua kazi ya siku imekwisha.

Miezi saba Meza ilikuwa tupu kila jioni, na magunia ya vitabu yakaenda.

Saa sita mchana binti akaja kibandani kwa mama yake. Hakuwa amekuja kibandani saa za kazi tangu aajiriwe. Akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, akasema, "Ni kweli, mama."

"Kweli nini?"

"Hawamo. Nimewahesabu kwa orodha ya makarani. Elfu moja mia tatu na sita."

Fundi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nani kawafuta?"

"Mimi."

Binti akaeleza, na kwa kuwa mama yake alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na si zaidi, alieleza kwa vitu vilivyokuwa mezani.

"Programu yangu haijui kupunguza picha. Kuna programu nyingine humo humo ndani inajua. Hiyo haina vitufe wala dirisha, haina sura. Unaituma kwa kuiandikia mstari wa maneno. Sasa kuna njia mbili za kuituma. Moja, unaandika sentensi nzima unampa tarishi, yule anayepokea amri zote za kompyuta. Yeye ndiye anayeisoma, anaikata penye nafasi, anajua hili neno ni programu, hili ni picha, hili ni mahali pa kuipeleka."

"Sawa."

"Niletee vipande viwili." Mama akampa vitambaa viwili vya mabaki. Binti akavitandaza, pengo katikati. "Hiki Meza, hiki Ghala. Mimi namwandikia tarishi: ichukue picha ya fulani kutoka Meza, iweke Ghala kwa jina la fulani. Akiona pengo anajua ni viwili. Sasa tia pini mwanzo wa hiki, na pini mwisho wa hiki, uvishike pamoja."

Mama akatia pini. Mkono wake ulikuwa umeshaelewa kabla ya kichwa. "Pengo halipo tena."

"Kile kialama cha ng', kwa tarishi, ni pini. Akikikuta cha kwanza anaanza kushika, haachii mpaka akute cha pili. Jina nimeliandika mara mbili, kwa hiyo pini mbili. Kila kilichokuwa katikati akakiona neno moja refu. Akampelekea mpunguza picha neno moja. Mpunguza picha akasema, nataka mawili, moja silijui, siwezi."

"Akamwambia nani?"

"Ndiyo hapo, mama. Aliniambia mimi. Kila mara aliniambia, na sikumsikiliza. Niliandika: akirudi, futa ya Meza. Sikuandika: akirudi, muulize kwanza amefanikiwa."

"Alirudi mikono mitupu, nawe ukafuta."

"Mara elfu moja mia tatu na sita."

Fundi akachomoa pini moja, akairudisha. "Na nakala? Si mnawekaga nakala?"

"Kila Ijumaa. Kutoka Ghala. Hawakuwahi kufika Ghala. Na pale walipofutwa, picha mpya zimekanyaga juu yao miezi saba."

"Ile njia ya pili ni ipi?"

"Humpi tarishi. Unaiita programu kwa jina lake, na kila neno unalipa bahasha yake, limefungwa. Hakuna anayelifungua njiani, liwe na pini, liwe na mkasi." Akainamia vitambaa. "Niliijua, mama. Ile ya sentensi ni fupi kuandika, ndiyo sababu."

"Lakini ulijaribu. Wewe hujafanya kitu bila kujaribu."

"Nilijaribu kwa majina ishirini. Langu, lako, la marehemu baba, la shangazi, la kinyozi na mkewe, ya watoto wa mtaa. Nafasi nilizifikiria, nikaziziba kwa vistari. Nukta nilizifikiria."

"Na ng'?"

Mama mwenyewe akayapitisha yale majina ishirini kichwani, moja moja, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo. Hakuna hata moja.

Sasa msomaji mwenye mtoto asikilize vizuri, maana hapa ndipo fundi alipokosea, na kosa lake halikuwa la kompyuta.

Alisema, "Nani mwingine anajua?"

"Bado hakuna. Natoka hapa nakwenda kwa mkuu wa ofisi."

"Unakwenda kwa mkuu na doa kifuani? Safisha kwanza, ndipo uingie. Rudi ukarekebishe. Ukifika kwake umwambie lilikuwepo, sasa halipo."

"Nadhani angetaka kuliona lilivyo."

"Mwanangu, nani anataka kuona uchafu? Mimi gauni likiungua natoa kipande, natia kingine, ndipo namwita mwenyewe. Hapo ana la kusamehe. Ukimwita akaona tundu, ataona tundu mpaka anakufa."

Binti alikuwa na miaka ishirini na sita, na tangu kuzaliwa hakuna gauni la mama yake lililorudishwa. Akatii. Alirudi wakati wenzake wako kwenye chakula, akafungua programu kwenye seva yenyewe, akafuta ile mistari, akaandika mingine ya bahasha, ya kuuliza kabla ya kufuta. Dakika kumi na tatu. Ya zamani hakuiweka popote. Alikuwa akiandika siku zote juu kwa juu, kwenye mashine iliyo kazini, kama mtu anayeshonea suruali mwilini.

Ndipo akagonga kwa mkuu.

*

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kwenye ukumbi wa ofisi, Jumanne asubuhi, na jamaa waliruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma. Fundi alikaa na mkoba mapajani. Watu wa ng'ambo ya daraja walijaa upande wa dirishani, wa huku upande wa mlangoni, hakuna aliyewapanga.

Mkaguzi alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye adabu. Alimwita binti "dada yangu."

"Dada yangu, unasema programu ilikuwa na kosa. Hebu nionyeshe." Akavuta kibao cha herufi, akaandika mwenyewe jina lenye ng', akabonyeza. Picha ikaenda Ghala. Akaandika la pili. Likaenda. "Mbona linakwenda?"

"Sasa haiwezi kukosea. Nimelirekebisha."

"Lini?"

"Siku ileile nilipoligundua."

"Kabla ya kumwambia mkuu wako, au baada?"

"Kabla."

Mkaguzi akamwangalia kwa huruma kabisa. "Kwa hiyo nyumba imeungua, na moto tunaambiwa ulikuwepo."

Watu wakacheka, pande zote mbili. Fundi aliukaza mkoba.

Binti akaomba kompyuta nyingine. Akaandika pale mbele ya wote ule mstari wa zamani, kama alivyoukumbuka, akatia jina lenye ng'. Programu ikakataa, picha ikapotea, sawasawa na alivyosema. Akageuka, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na mwanga kidogo.

"Hii umeiandika lini?" mkaguzi akauliza.

"Sasa hivi. Mbele yako."

"Bila kitabu?"

"Bila kitabu."

"Kwa hiyo ukitaka, unaweza kuandika kitu cha kuwapoteza hawa na kuwaacha wale. Kwa dakika mbili."

"Naweza, lakini..."

"Andika hilo," mkaguzi akamwambia mwandishi wa kikao.

Lilikuwa bado lipo tumaini moja, na binti akalishika. Wapo arobaini na mmoja wenye ng' waliosalimika. Hao, alisema, ni wale ambao karani aliwaandika kwa haraka, Ng bila kialama. Bila pini kitambaa hakishikani. Kama angekuwa na nia mbaya na watu wa kule, angewaachaje hawa?

Karani huyo alikuwa mtu wa makamo waliyemwita Bwana Kesho, kwa kuwa kila kazi aliiahidi kesho. Akaitwa mbele.

"Ni kweli wewe ulikuwa ukiandika majina ya watu nusunusu?" mkaguzi akamuuliza.

Bwana Kesho akamtazama mkuu wa ofisi, akatazama viatu vyake. "Mimi naandika sawasawa, mheshimiwa. Siku zote."

"Hujawahi kuacha kialama?"

"Hata siku moja."

"Basi kimetokaje kwenye hawa arobaini na mmoja?"

"Mashine ni ya dada."

Walikuwa wamekula meza moja na binti miezi saba, na mara nyingi binti ndiye aliyemkumbusha Bwana Kesho kusaini kitabu cha mahudhurio.

Mwisho mkaguzi akauliza yale majina ya kujaribia. Binti hakuficha hata moja. Yalisomwa kwa sauti, ishirini yote, na kila lililosomwa watu wa upande wa mlangoni walilijua, huyu jirani, huyu binamu, huyu mke wa kinyozi. Upande wa dirishani walisubiri. Walisubiri mpaka la ishirini. Halafu mzee mmoja akavaa kofia yake akatoka nje, na wengine wakamfuata, bila fujo, na ukumbi ukabaki nusu.

*

Karani wa pili aliitwa Mzee Wino, tangu enzi za kalamu, vidole vyake vilipokuwa havitakati. Alikuwa mtu wa ng'ambo. Kikao kilipokwisha binti alifunguliwa kesi mahakamani, na alasiri ya siku ya tatu fundi alivuka daraja kwenda kwa mzee huyo, akiwa amevaa vizuri kama mwenda harusini, maana hakujua mtu anavaa nini kwa safari ya namna ile. Njiani watoto walimtazama. Hakuna aliyemtukana, na alijikuta anasikitika kwamba hawakumtukana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kiti kimoja kikiwa na mto, na mto ule akapewa mgeni. "Kilichokuleta nakijua."

"Ile mashine unaijua. Majina ulikuwa ukiandika wewe. Unajua mwanangu hakukusudia."

"Najua."

Lilikuwa neno la kwanza jema alilosikia fundi tangu siku ya kile kigoda.

"Alinieleza," Mzee Wino akasema. "Nilimwelewa haraka, kwa sababu kile kialama nimekiweka mimi. Kwa vidole hivi viwili. Bwana Kesho alikuwa akinicheka, mzee unapoteza muda na vidoa. Nikamwambia jina la mtu halikatwi mkia. Sasa waliobaki duniani ni wale aliowakata mkia yeye. Wangu mimi, niliowaandika kwa heshima, wote wamekwenda. Wanangu wanne wamo. Mke wangu yumo. Mimi mwenyewe nimo."

"Basi njoo useme hivyo mahakamani. Wewe watakusikia. Wewe ni wa kule."

"Niseme nini?"

"Kwamba hakuwachukia."

Mzee alipojibu hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Mama, msichana wako alikuwa akikaa hatua nne kutoka kwangu. Kila asubuhi ananisalimia kwa jina langu la ukoo, na analitamka vizuri, puani kabisa, si kama wengine wenu. Siku moja akatafuta majina ishirini ya kujaribia kazi yake. Ishirini. Hakugeuza shingo."

"Alisahau, mzee. Ni kusahau tu."

"Ndicho ninachokwambia. Mtu anayekuchukia anakukumbuka, asubuhi na jioni. Unataka nisimame mbele ya watu wangu, watu ambao leo hawawezi kumwandikisha mtoto shule kwa kuwa mama yake hajazaliwa, niwaambie, msiumie, hamkuchukiwa, mlisahauliwa tu? Watanipiga mawe. Na mimi nitawaokotea."

Fundi akaanza kuinuka. Alikuwa na maneno mengi alipokuwa darajani.

"Nikiulizwa kama niliweka vialama nitasema ndiyo," mzee akaendelea. "Nikiulizwa ya moyoni mwake nitasema moyo wa mtu ni kichaka. Hayo ndiyo niliyo nayo."

Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwonyesha njia ya mkato ya kurudi darajani.

Na mahakamani mzee alifanya hivyohivyo, neno kwa neno. Hakimu akaandika. Kosa likaitwa kufuta kumbukumbu za umma kwa makusudi, na jinsi lilivyorekebishwa upesi, kimya, kabla ya mkuu kuambiwa, ndiyo ilikuwa hoja ya kwanza katika hukumu. Miaka mitano. Fundi alisikia hoja ile ikisomwa na akaijua sauti yake mwenyewe ndani yake. Alisimama ukumbini kusema kwamba ni yeye, yeye ndiye aliyesema safisha kwanza. Askari akamwambia, taratibu, "Mama, kaa chini, usimharibie zaidi." Akakaa.

Wale elfu moja mia tatu na sita waliambiwa walete mashahidi wa kuzaliwa kwao. Wenye wazazi hai walijaribu. Wengi wazazi wao walikuwa udongoni, na wakunga pia. Na vitabu vilikwisha kuwa maboksi ya viatu.

*

Mwezi wa pili baada ya hukumu, mke wa kinyozi alirudi na kitambaa kipya. Hakupanda kigodani mara moja. Akamshika fundi mkono, akainamisha sauti.

"Ulininyamazia kumbe ni wako. Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Wasikuvunje moyo. Sisi huku tunajua. Mwambie akitoka tutampokea. Wale walikuwa wamezidi, kila kazi wao, kila nafasi wao. Mtoto wa kike, mwembamba vile, kafanya wanaume walichoshindwa."

"Hakufanya," fundi akasema. "Ilikuwa bahati mbaya. Ni kialama. Tarishi wa kompyuta alikiona kama pini."

Mke wa kinyozi akamtazama, kisha polepole akafumba jicho moja. "Ndiyo. Pini. Tumekuelewa." Akapanda kigodani, akanyoosha mikono apimwe. "Sema hivyohivyo."

Fundi alipima kifua, akapima mabega. Tepe ilikuwa ikisoma namba na yeye hazisomi. Ng'ambo ya mto hawakuamini kwa uchungu, huku hawaamini kwa furaha, na ukweli wenyewe, ule wa vitambaa viwili na pini mbili, ulikuwa umebaki na watu watatu: mmoja ndani, mmoja hataki kuusema, na mmoja akiusema anakonyezwa.

Baada ya hapo walikuja wengine. Walileta vitambaa ambavyo hawakuvihitaji. Hajawahi kuwa na kazi nyingi kama mwaka ule.

Siku za kutembelea wafungwa, binti hazungumzii kesi. Anazungumza kama fundi anayemwachia mwanafunzi kibanda. Anataja, mama anaandika nyuma ya karatasi ya vipimo, anasoma tena kuhakikisha. Wamekutana mara nyingi na maneno yasiyofaa, wameyafuta, wameandika mengine. Hawajui nani atayasoma. Waliyobakiza ni haya, ya kuepuka:

Usiunganishe jina la mtu na amri ukampa tarishi wa kompyuta sentensi nzima. Iite programu kwa jina lake, na kila neno lipe bahasha yake.

Usidhani nafasi na nukta ndizo hatari peke yake. Kialama cha ng', nukta-mkato, alama ya na (&), alama ya dola, vyote tarishi anavitii.

Usifute cha kwanza kwa sababu uliyemtuma amerudi. Muulize amerudi na nini, na angalia kwa macho kama cha pili kipo, kinafunguka.

Usiyatupe malalamiko ya programu uliyoituma. Yaandikishe mahali, na mtu ayasome kila siku.

Usichukue nakala ya akiba mwisho wa njia tu. Chukua na mwanzo.

Usijaribu kazi yako kwa majina ya kwenu. Waulize walio hatua nne kutoka kwako.

Usiandike juu kwa juu kwenye mashine iliyo kazini. Ya zamani iweke, hata kama inakuaibisha.

Usirekebishe kosa kabla hujamwonyesha mwingine likiwa bado linakosea. Na wewe mzazi, usimwambie mwanao asafishe kwanza.

Usimtegemee aliyekula nawe aseme kweli itakayomgharimu kazi. Pata maandishi yake mapema.

Usikubali pongezi kwa jambo ambalo hukulifanya, hata kwa kunyamaza.

Usipeleke vitabu kiwandani mpaka kila mwenye jina lake ameiona picha yake na kusema, ndiyo, ni mimi.